Wanaita "bunduki ya kina mama": uzoefu wangu wa kutafuta shotigani Dodoma

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Kama wewe ni mwanamke uko huku Dodoma, una shamba au mifugo nje ya mji na unafikiria kumiliki shotigani kihalali, soma hii kabla hujatoa hela yako.

Mi nina zabibu na mbuzi upande wa Hombolo na siku nyingi nalala kulekule. Fisi wanafika mpaka zizini, wezi wa mifugo ndo usiseme. Sio kwamba nataka kuwinda, wanyama wana sheria yao na uwindaji una kibali chake, mi nataka ulinzi wa mali yangu basi. Nikaanza mchakato, ofisi ya mtaa, kata, wilaya, polisi, alama za vidole, maswali kibao. Huko sina lawama, ni polepole lakini nilisikilizwa kama mtu mzima. Sheria ya silaha ya 2015 inataka uonekane unaijua silaha kabla hujamilikishwa na naiunga mkono asilimia mia. Shida ikaja kwenye hayo mafunzo sasa.

Kuna sehemu nje kidogo ya mji, jina silitaji, wanafundisha kulenga shabaha na wanakushauri bunduki ya kuchukua. Nilienda na kaka yangu kwa sababu ndo alikuwa na gari. Sasa yule mwalimu tangu tunashuka anaongea na kaka. Nauliza mimi, anajibiwa kaka. Hela natoa mimi, risiti anapewa kaka! Kaka akamwambia afande, mwenye shida ni huyu hapa, yule akacheka tu, akaingia ndani akatoka na kabunduki ka mtutu mmoja, kepesi, akasema "hii ndo ya kina mama, haitamchosha".

Nikamuuliza, afande, risasi uliyoweka humu ni ya namna gani? Akasema "we dada piga tu, utajua mwenyewe".

Jamani. Nilivuta triga nikaona nyota. Kitako kilinipiga begani, kikapanda kikanipiga shavu, macho yakajaa machozi hapohapo. Nageuka wanacheka, wote, na kijana mmoja kashika simu ananirekodi. Halafu huyo mwalimu ananiambia "ndo mjue hizi kazi zina wenyewe". Mimi! JKT nimepita Makutupora, bunduki ya SMG nimeifungua na kuifunga na kuilengea shabaha pamoja na wavulana, hakuna aliyenicheka hata siku moja. Hakuniuliza hata kama nishawahi kushika silaha. Nilikaa na bega jeusi muda mrefu, kubeba ndoo siwezi, kulala upande ule siwezi.

Na kinachoniuma ni kwamba alichofanya ni kosa la kitaalamu kabisa, na anaitwa mwalimu. Risasi ileile ukiiweka kwenye bunduki nzito na kwenye bunduki nyepesi, ile nyepesi ndo inarudi kwa kasi zaidi begani kwako, uzito wa chuma ndo unameza ule msukumo. Yeye kachukua nyepesi kuliko zote, kaweka risasi nzito, nimeona mwenyewe kwenye ganda imeandikwa gramu 36 za marisawa, yaani vile vipira vidogo vya ndani ya risasi, wakati mtu anayeanza anapewa za gramu 24 huko. Ile haikuwa kufundisha, alitaka niumie ili acheke.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mstaafu wa maliasili, kashika bunduki porini maisha yake yote. Nilivyomwonesha bega alisikitika, akasema "pole mwanangu, sasa njoo tuanze upya". Kitu cha kwanza hakunipa hata bunduki. Aliniambia ninyooshe mikono, niache kitundu kidogo katikati ya viganja, nitazame mti wa mbali kwa macho yote mawili halafu nifumbe moja moja. Kumbe jicho langu linaloongoza ni la kushoto na mimi natumia mkono wa kulia! Anasema kina mama wengi tuko hivyo, ndo maana unakosa shabaha na wanakwambia mwanamke hajui kulenga. Siku hizi nafumba la kushoto na naona tofauti kubwa.

Halafu kitako. Vitako vingi vimepimwa kwa mwanaume mwenye mikono mirefu. Ukishaweka bunduki begani na shavu limelala vizuri, kati ya pua yako na dole gumba la mkono wa triga pawe na nafasi ya vidole viwili hivi au vitatu. Zaidi ya hapo ni ndefu, utakuwa unajipinda mgongo kwa nyuma na hapo ndo inakutupa. Inafupishwa na fundi mwenye leseni, mpira mnene unawekwa mwishoni. Uzito wa mwili unauegemeza mguu wa mbele, bunduki unaileta shavuni, usipeleke kichwa chini kuifuata. Haya yote kwa sauti ya upole, na ilikuwa raha, naapa ilikuwa raha, ile sahani ya udongo inayorushwa juu uilenge ilivyopasuka hewani nilipiga kigelegele peke yangu.

Nimechagua bunduki ya namba 20, hiyo namba ni kipimo cha tundu la mtutu, mitutu miwili, na sio ile nyepesi. Namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, wengi wanachanganya. Onyo moja, kama nyumbani kuna namba 12 pia, risasi zake zisikae sehemu moja na za 20. Ya 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12 inakwama mbele, ukipakia nyingine nyuma yake ukapiga, mtutu unapasuka mkononi. Ndo maana za 20 nyingi zinatengenezwa na ganda la njano.

Sasa kuhusu ile sehemu, niseme haki. Usalama wanaufundisha, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole nje ya triga mpaka ulenge, kufunika masikio, walisimamia vizuri na uwanja ni msafi. Nilitaka kuandika kwamba kwa mwenye uzoefu panafaa. Lakini hapana, kila nikikumbuka ile simu nabadilika. Mtu anayempa mwanafunzi risasi ya kumuumiza makusudi hana usalama wowote anaoujua, vipi kama ningeidondosha ikiwa na risasi? Msiende. Na kama lazima uende, dada yangu, kataa bunduki yoyote utakayoambiwa ni ya kina mama, soma maandishi kwenye ganda mwenyewe, na risiti iandikwe jina lako.

Hela ya mafunzo nimeidai mpaka leo wanasema bosi yuko safari. Hela wakae nayo, mi nataka ile video ifutwe mbele ya macho yangu, kwenye simu ya yule kijana na kila alikoituma.