Vitu Vidogo vya Hadithi za Fantasia: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Kisubiri

Kama ndiyo kwanza unaanza kukusanya vitu vya hadithi uipendayo, yenye majoka, mapanga na fimbo za uchawi, anza na beji ya chuma. Tumeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ubora wake unaupima kwa ukucha. Pitisha ukucha juu ya mchoro. Ukikwama kwenye mistari ya chuma, hiyo ni enameli (rangi inayojazwa kwenye mchoro wa chuma) laini, rangi yake imekaa chini ya kingo. Ukiteleza moja kwa moja, ni enameli ngumu, iliyosuguliwa hadi ikalingana na chuma. Ngumu ndiyo ya begi, kwani haishiki vumbi na huvumilia misuguano. Laini ipambe ubaoni, inapendeza sana.

Sasa igeuze. Beji inayozidi milimita 30 iwe na pini mbili nyuma, la sivyo itazunguka na joka lako litakaa kichwa chini. Kifungio cha raba hulegea kwenye mkanda wa begi unaojikunja kila mara. Weka kile cha kujifunga, ambacho hakiachii mpaka uvute kichwa chake. Beji nyingi hupotea hapo tu.

Nafasi ya pili ni sanamu za vinaili, aina ya plastiki. Funko Pop, sanamu ndogo maarufu yenye kichwa kikubwa, ya kawaida ina kimo cha sentimita 9.5 hivi. Kagua macho na mpaka wa nywele na paji la uso, ndipo rangi huvuka mstari. Panga lililopinda si hasara: litumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde 30, linyooshe taratibu, kisha litie kwenye maji baridi lishike umbo. Sanamu ikianza kunata, ni kilainishi cha plastiki kinachotoka ndani, hasa palipo na joto. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, uihamishie penye hewa, mbali na jua.

Tatu, vishika funguo vya akriliki. Chagua ambacho picha imefungiwa katikati ya tabaka mbili. Picha iliyo juu hukwanguliwa na funguo zenyewe. Kikifika kina mikwaruzo, usikirudishe kwanza: mara nyingi ni utando wa kinga ambao haujabanduliwa.

Pete na mikufu ya bei rahisi huja nafasi ya nne. Rangi ya dhahabu huchubuka, na nikeli iliyo chini huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Maboksi ya bahati, ambayo hujui kilichomo, tumeyaweka mwisho. Seti ikiwa na wahusika 12 wenye nafasi sawa, kuikamilisha huhitaji wastani wa maboksi 37, na yule wa mwisho peke yake hula 12. Nunua mawili matatu kwa raha yake, kisha waliobaki watafute kwa kubadilishana na wakusanyaji wenzako.