Ofisi ya maoni ya kampani ya shaba: nimeenda mara tatu, niliyoyaona ni haya

Wengi mmeniuliza hapa kwenye mashine, mkisubiri unga wenu, kama inafaa kupoteza asubuhi nzima kwenda ile ofisi ya maoni ambayo kampani imefungua kando ya barabara ya malori, huku kwetu Annexe, komini ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Nimeenda mara mbili ofisini na mara moja kwenye kikao kikubwa. Naandika kama ambavyo ningeandika juu ya fundi wa mota au muuzaji wa mahindi: tulivyopokelewa, tulichopewa, na kama neno lililosemwa lilitimizwa.

Jambo lenyewe mnalijua. Kibali cha kuchimba kinaelekea mwisho, chini ya shimo shaba bado ipo, na kampani inaomba kuongezewa miaka. Wakipewa, kariere, yaani lile shimo la kuchimbia, itashuka chini zaidi na lile lundo la mawe litasogea upande wa kijito. Kwa hiyo wanauliza wananchi wanasemaje.

Ofisi ni kontena lililopakwa rangi ya bluu, na nje kuna mabenchi mawili chini ya mwembe. Ndani kuna msichana mmoja, na kama si yeye nisingeandika hata mstari. Nilipoingia alisimama. Akasema, "Karibu mama, kaa kwanza, upumzike jua." Hakuniuliza nimetumwa na nani wala mume wangu yuko wapi. Nilimweleza habari ya kisima chetu, kwamba tangu masika mawili yaliyopita maji yanatoka na rangi, na ukiyaacha kwenye ndoo usiku, asubuhi kuna utando juu. Aliandika kila kitu kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha akanisomea ili nisahihishe. Halafu akapiga mhuri nakala yangu, akaandika tarehe na namba 87 kwa kalamu nyekundu. Watu wa Lubumbashi mnajua maana yake. Barua isiyo na akize, yaani mhuri wa kuonyesha kwamba imepokelewa, ni kama hukuandika. Miaka yote niliyozunguka na makaratasi katika maofisi ya mji huu, sikumbuki kupewa akize bila kuiomba.

Makaratasi yao ndiyo mabaya. Muhtasari wa uchunguzi wa mazingira umeandikwa kwa Kifaransa, mnene kama daftari la sekondari, na haruhusiwi mtu kutoka nao. Kwa Kiswahili wamechapa karatasi moja tu, imeandikwa mbele na nyuma, na Kiswahili chenyewe kimetoka mbali. Jirani yangu, mama mwenye umri wa kunizaa, alisomewa mstari unaosema "vumbi litadhibitiwa wakati wote". Akauliza, "Kudhibiti ni nini?" Msichana akajibu, "Ni kuzuia, mama." Jirani yangu akamwambia, "Basi muandike kuzuia." Msichana alichukua kalamu akalikata lile neno, akaandika kuzuia juu yake, mbele yetu. Nilimpenda kwa hilo. Lakini karatasi nyingine zote mia kadhaa kwenye boksi bado zinasema kudhibiti, na anayekwenda peke yake hana wa kumuuliza.

Na ramani. Wameibandika ukutani, nzuri, ya rangi. Nilitafuta nyumba yangu kwa kidole. Nikafuata barabara ya malori, nikapita kanisa, nikafika penye kijito, kisha kidole kikaingia kwenye kile kisanduku cheupe kinachoeleza maana ya rangi. Mtaa wetu wote, kuanzia mashine yangu mpaka kwenye maembe ya katekista, uko chini ya kile kisanduku. Sidhani kuna aliyekusudia. Mchoraji alitafuta mahali ambapo hapana kitu, akaona ni pale. Nilisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, msichana naye akasimama pembeni yangu, hakusema neno.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa parokia. Tuliitwa saa tatu, kikaanza saa tano. Kipaza sauti kilikufa mara mbili. Viti vya mbele walikaa wanaume na machefu wa mitaa, akina mama nyuma karibu na mlango, kama kawaida, na kampani haikufanya lolote kulibadilisha. Tulipewa Fanta na mkate. Pesa ya usafiri hawakugawa, na hapo nawasifu ingawa wengi walinung'unika. Aliyepewa faranga mlangoni anaingia mdomo umeshafungwa nusu.

Kitu bora cha siku hiyo kilikuwa afisa wa serikali aliyeeleza sheria kwa Kiswahili cha mtaani, bila haraka. Alisema sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa Machi 2018, na kwamba kibali cha kuchimba ni cha miaka 25, kikiisha kinaweza kuongezwa kwa vipindi visivyozidi miaka 15 kila kimoja. Kila kinapoongezwa, serikali inapata sehemu nyingine ya asilimia 5 ndani ya kampani. Wengi hatukuwahi kulisikia.

Kisha akaja kwenye pesa, nami nikatoa kalamu, maana hesabu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kampani lazima itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Katika kila dola 1,000 za shaba iliyouzwa, dola 3. Hiyo ni mbali na kodi ya madini, ambayo kwa shaba ni asilimia 3.5, yaani dola 35 katika 1,000. Hizo 35 zinagawanywa: nusu inakwenda Kinshasa, robo jimboni, asilimia 15 kwa komini au sekta ambako shimo liko, na asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Nilipiga hesabu ya komini: dola 5 na senti 25. Nikamwonyesha jirani yangu karatasi. Akauliza kama ni kwa siku. Nikamwambia ni kwa kila dola elfu. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi si kidogo. Iko wapi?" Swali hilo alilirudia kwa sauti mbele ya watu wote. Makofi yalipigwa. Jibu lilikuwa kwamba mambo ya komini yaulizwe komini. Sawa, ni kweli kisheria, lakini bugumesta, mkuu wa komini, alialikwa na kiti chake kilikuwa kitupu.

Maoni ya watu hayakuwa mamoja, na msidanganywe na yeyote anayesema mtaa mzima umekubali au mtaa mzima umekataa. Kijana anayeendesha lori alisimama akasema miaka 15 kwake ni maisha yote ya kazi, watoto wake wanasoma kwa shimo lile. Papa mmoja aliyejenga vyumba sita vya kupangisha alisema wafanyakazi wakiondoka atapangisha panya. Akina mama wanaouza bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, getini waliogopa hata kunyoosha mkono, lakini nje waliniambia wanataka ibaki. Wanaolima mboga kando ya kijito walikataa moja kwa moja. Mmoja wao alileta majani ya lengalenga, mchicha wetu, kwenye mfuko, akayatikisa juu ya meza nyeupe, vumbi likaanguka likaonekana. Hakuongeza maneno mengi. Wachoma mkaa nao walisema kwamba pori likizungushiwa uzio watakwenda kukata mbali zaidi, na bei ya gunia tutaiona sisi wenye mbabula, majiko ya mkaa.

Mimi nimegawanyika, na nilisema hivyo kwenye kipaza sauti. Nusu ya wateja wangu wanakula mshahara wa kampani ile. Lakini nimezaliwa katika mji mdogo wa makaa ya mawe, kule juu kwenye njia ya reli, ambako baba alikuwa fundi. Baba alikuwa akituambia kwamba makaa yetu yanawaka vizuri ila hayafai kutengeneza koki, yaani makaa yaliyookwa yakawa magumu. Koki ya kuyeyushia shaba, tangu tanuru la Lubumbashi lilipoanza mwaka 1911, iliagizwa kwa treni kutoka Wankie, ambayo leo inaitwa Hwange, Zimbabwe. Alimaanisha kwamba mgodi haubaki hai kwa sababu watu wake wanaupenda. Unaishi kwa sababu kuna anayenunua mbali. Kazi ilipopungua, watu waliondoka familia moja moja. Nyumba haikuwa yetu, bustani haikuwa yetu. Tulipanda treni na vyungu, mbabula, na cherehani ya mama. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani kwetu sikuwahi kusikia kwamba mtu alikuja kumuuliza baba, muda uongezwe au usiongezwe, na siku ukiisha ninyi mtakuwa wapi.

Ndiyo maana swali langu kikaoni halikuwa juu ya hiyo miaka 15. Niliuliza juu ya siku inayofuata. Sheria inaidai kampani iweke dhamana ya pesa kwa ajili ya kurekebisha ardhi baada ya kuchimba. Nikauliza dhamana hiyo ni kiasi gani leo, na kama lundo likiongezeka nayo itaongezeka lini. Nikauliza shimo litajazwa, litaachwa liwe ziwa, au litafanywa nini, na maji yake yatakwenda wapi. Bwana wa kampani alikuwa mpole, aliniita mama, akasema ni maswali muhimu na kwamba mpango wa kufunga "utapitiwa upya". Nikamuuliza tarehe. Hakuwa nayo. Kurasa zote zile, ramani ya rangi, na tarehe hana. Hapo ndipo alama zao zinaposhuka sana kwangu. Anayekuomba miaka 15 zaidi anapaswa kuja na mwisho mkononi, aueleze kwanza, kabla hajazungumzia ajira.

Kuhusu kisima, nitasema haki. Siku kumi na moja baada ya namba 87, msichana alinipigia simu, kesho yake wakaja watu wawili na sanduku la barafu. Walichota maji mbele yangu, wakajaza chupa mbili, wakazifunga, wakaandika tarehe na saa kwenye kila moja, nikatia sahihi. Niliwaomba moja ibaki kwangu. Walitazamana, kisha wakakubali. Iko juu ya rafu, karibu na mizani ya unga, na kila mteja anayeuliza namwonyesha utando wake. Matokeo niliahidiwa ndani ya mwezi. Mwezi umepita na siku nne. Nilirudi ofisini, hiyo ndiyo mara yangu ya tatu, msichana akaniandikia barua ya kukumbusha, namba 112, mhuri tena. Alionekana kuona haya kwa niaba ya wakubwa wake.

Kwa alama za shule: mapokezi 18 kwa 20, maelezo ya sheria 17, makaratasi 7, majibu juu ya kufunga 4. Kisima bado sijakipa alama, nasubiri.

Inafaa kwenda? Inafaa. Wanafungua Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa mbili hadi saa nane, na ukifika mapema msichana ana muda wa kukusikiliza. Andika barua yako nyumbani, nakala mbili, moja ubaki nayo. Taja mtaa wako kwa jina, maana kwenye ramani haupo. Akina mama, twendeni pamoja Ijumaa ijayo. Kikao cha pili kinakuja, na safari hii nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu kukamata viti vya mbele. Chupa ya maji naibeba.