Kuanza kusuka nzi wa kuvulia: nunua nini kwanza, na nini kisubiri

Jiliwa langu la kwanza, yaani chombo cha kuishika ndoano wakati wa kusuka, lilikuja ndani ya sanduku zuri la mbao, pamoja na vifaa vingine kumi na vifuko vya manyoya ya kila rangi. Usiku uleule nilibana ndoano, nikazungusha uzi mara sita, nikauvuta ukaze. Ndoano ikainama. Nikakaza skrubu, ikainama tena. Kwa wiki mbili niliamini kosa ni la mikono yangu, mpaka nilipokaa mbele ya jiliwa la rafiki yangu na nzi wangu wa kwanza akakamilika kabla chai haijapoa.

Kwa asiyejua, nzi ninayemsema hapa ni ndoano iliyovikwa uzi, manyoya na waya ili samaki aione kama mdudu au kisamaki. Kazi yenyewe inafundishika. Wanaoiacha mapema, kwa nilivyoona, wengi wameshindwa na vifaa. Kwa hiyo kabla ya kutaja kifaa chochote, nianze na namna ya kununua, kutoka iliyo bora hadi ya kuepuka.

Njia nne za kununua

1. Chagua nzi mmoja, kisha ununue vifaa kimoja kimoja kwa ajili yake. Utatumia fedha kidogo kuliko unavyodhani, na kila ulichonacho utakitumia siku hiyohiyo.

2. Jiliwa lililokwisha kutumika, vingine vipya. Jiliwa zuri halizeeki haraka. Kinachochakaa ni mataya yanayobana ndoano, na hayo utayapima kwa jaribio nitakalolieleza hapa chini.

3. Seti ya vifaa bila manyoya. Inafaa ikiwa jiliwa lake linapita jaribio. Mkasi wake, mara nyingi, utaubadilisha.

4. Sanduku kamili lenye vifaa na manyoya ya kila aina. Liache. Manyoya yake huwa mafupi mno kuzungushwa kwenye ndoano, na ule wingi wake hukuvuruga: una vitu thelathini na huna vitano vinavyokaa pamoja kwenye nzi mmoja.

Jiliwa

Kazi yake ni moja, kuishika ndoano isitikisike. Bana ndoano namba 10 kwenye sehemu yake iliyopinda, kisha bonyeza tundu lake kwa kidole gumba na uliachie. Inapaswa kurudi juu kama waya wa gitaa. Ikiteleza hata kidogo, rudisha jiliwa hilo hata kama limeng'arishwa vipi. Rudia kwa ndoano kubwa na ndogo, maana mataya mengine hushika saizi moja tu.

Kuna ya kubana kwenye ukingo wa meza na yenye kitako kizito cha chuma. Kwa anayeanza naweka la kubana mbele: halisogei, na kwa fedha ileile unapata mataya bora kwa sababu hulipii kilo za chuma. Kama meza yako ina ukingo mnene au unahamahama nyumbani, chukua la kitako.

Majiliwa ya kuzungusha ndoano kwenye mhimili wake yanasifiwa sana, na kweli yanakusaidia kuuona upande wa nyuma wa nzi. Lakini kati ya la kuzunguka lenye mataya laini na lisilozunguka lenye mataya magumu, nenda na la pili bila kusita.

Mkasi na kishikio cha bobini

Hapa ndipo ningeongeza fedha. Ncha za mkasi ziwe nyembamba na zikutane mwisho kabisa. Shika unyuzi mmoja wa unyoya, ukate kwa milimita ya mwisho ya ncha. Mkasi mbovu utaukunja unyuzi badala ya kuukata. Tundu za vidole ziwe pana, kwa sababu utajifunza kufanya kazi mkasi ukiwa bado mkononi. Tafuta na mkasi wa zamani wa kukatia waya. Ule mzuri usiuguse waya hata mara moja, kwani pengo dogo kwenye ncha haliondoki.

Kishikio cha bobini ni kile kibomba chenye miguu miwili kinachobeba kibiringo cha uzi. Mdomo wa bomba ukiwa na ukali, uzi utakatika kila mara nawe utalaumu uzi. Sugua mdomo huo kwa pamba: pamba ikiacha nyuzinyuzi, kuna ukali. Bomba la kauri ni ghali kidogo na linastahili. Kuhusu mkazo, kishikio kining'inie chini ya ndoano bila kushuka, lakini uzi utoke ukiuvuta kabla haujakatika. Ukibana sana, panua miguu kidogo kwa vidole.

Vilivyobaki

Kibanio cha unyoya kinahitajika, ni kitu kidogo. Sindano nene nunua au ichomeke mwenyewe kwenye kizibo, hakuna tofauti. Kifaa cha fundo la kumalizia kinaweza kusubiri: bomba tupu la kalamu ya wino linakuwezesha kupiga vifundo vya nusu, na vitatu au vinne vinashika. Kikombe cha kusawazisha nywele na mashine ya kusokota sufu viache kwanza.

Taa nzuri isikose. Nzi wengi wanaharibika kwa sababu msukaji hakuona uzi ulipokaa.

Ndoano na uzi

Kwenye ndoano za saizi hizi, namba inapopanda ndoano inapungua: namba 16 ni ndogo kuliko namba 8. Anza na namba 8 au 10 zenye shina refu, ili uwe na nafasi ya kukosea. Nunua zisizo na ule mwiba wa nyuma ya ncha, au uulaze kwa koleo kabla ya kusuka. Ukiulaza baadaye na ndoano ikavunjika, umepoteza nzi mzima. Ndoano za bei ya chini kabisa hunyooka samaki akivuta, kwa hiyo usibane matumizi hapa.

Uzi unapimwa kwa denia, yaani gramu za mita 9,000 za uzi huo. Denia 140 kwa nzi wakubwa, 70 kwa wadogo. Namba kama 6/0 na 8/0 bado zinaandikwa kwenye vibiringo, lakini kila mtengenezaji ana kipimo chake, basi tazama denia. Kibiringo kimoja cheusi kinakutosha kwa miezi.

Manyoya: nzi wawili wa kuanzia

Naweka Woolly Bugger kwanza. Ni mkubwa, anasamehe makosa, na samaki wa aina nyingi wanamla. Anahitaji manyoya ya marabu kwa mkia, shenili (uzi mnene wenye manyoyamanyoya) kwa mwili, unyoya mrefu wa mgongo wa jogoo wa kuzungushia, na waya mwembamba wa shaba nyekundu. Jina la marabu limetoka kwa korongo, lakini yanayouzwa leo ni ya bata mzinga. Yaloweshe uyaone: yanalala kama mkia mmoja, na ukiyatikisa majini yanapumua. Chagua pakiti yenye ncha laini, zisizo na kikonyo kigumu katikati.

Wa pili ni Pheasant Tail wa Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon huko Uingereza. Sawyer hakutumia uzi kabisa. Alikuwa na waya wa shaba nyekundu na nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, basi. Waya ule unafunga na papo hapo unamzamisha nzi. Kila ninapotamani kununua kifuko kipya humkumbuka Sawyer.

Ukitaka azame haraka, ongeza ushanga. Wa tangsteni una uzito zaidi ya mara mbili ya wa shaba njano wa ukubwa uleule, ila bei yake pia iko juu. Kwa maji ya kina kifupi shaba njano inatosha.

Ngozi nzima za majogoo waliofugwa mahsusi kwa nzi wanaoelea ni nzuri mno, na ni ghali. Zisubiri. Manyoya ya ndege wa porini usiyanunue bila kujua yametoka wapi, kwani nchi nyingi zinawalinda kisheria. Mwaka 2009 ngozi 299 za ndege ziliibwa kutoka makumbusho ya Tring, Uingereza, kwa ajili ya manyoya ya kusukia nzi wa kuvulia samaki aina ya samoni. Manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi yanavua samaki vilevile.

Unyoya wowote usiotoka dukani ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, uugandishe kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuuweka na mengine. Mabuu ya nondo mmoja yanakula akiba ya mwaka.

Mwisho ni vanishi ya kulinda fundo. Vanishi ya kucha isiyo na rangi inafaa kabisa kwa kuanzia. Chukua tone moja kwa ncha ya sindano, uliguse fundo. Likiingia kwenye tundu la ndoano, pitisha unyoya mbovu humo kabla halijakauka.