Uzoefu wangu na kitabu cha picha za Lucian Freud: nusu ya kwanza imefaulu kuliko ya pili

Nilinunua kitabu hiki kikubwa cha picha kwa sababu kilitangazwa kuwa kinamfuata mchoraji Lucian Freud tangu ujana wake hadi alipofariki mwaka 2011. Nimekitumia vya kutosha kusema kwamba Freud kijana ametendewa haki, ilhali Freud mzee anamfikia msomaji nusunusu.

Freud, mjukuu wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alizaliwa Berlin mwaka 1922, akahamia Uingereza na familia yake mwaka 1933. Hadi katikati ya miaka ya 1950 alikuwa akichora ameketi, kwa brashi ndogo za manyoya laini na rangi nyembamba ambayo haikuacha alama ya mkono. Picha za namna hiyo karatasi inazimudu. Katika "Msichana na Mbwa Mweupe" (1950–51), ambamo mke wake wa kwanza, Kitty, ameketi huku mbwa amelaza kichwa pajani pake, niliweza kuufuata mkunjo mmoja mmoja wa joho lake bila kioo cha kukuzia.

Tatizo linaanza pale mchoraji alipobadili zana. Baada ya "Chumba cha Hoteli" (1954) aliacha kuketi, akawa anachora amesimama, akashika brashi za manyoya magumu ya nguruwe. Na kuanzia miaka ya 1970 alipenda rangi nyeupe iitwayo Cremnitz, yenye madini ya risasi, ambayo ni nzito na hutuna juu ya turubai kwa chengachenga. Ngozi katika picha zake za baadaye haikupakwa tu rangi ya mwili. Imejengwa tabaka juu ya tabaka, katika vikao vilivyoweza kuendelea kwa miezi. Kitabuni, chenga hizo zimegeuka madoa bapa ya kijivu na waridi. Naamini picha zingepigwa kwa mwanga wa kutoka ubavuni, angalau vivuli vyake vingeonekana.

Kosa lisilosameheka ni la mpangilio. Picha ya mwaka 1995 ya Sue Tilley akiwa amelala kwenye kochi, iliyouzwa mwaka 2008 kwa dola milioni 33.6, imetandazwa kwenye kurasa mbili, na tumbo, ambalo ndilo kitovu cha picha nzima, limemezwa na mshono wa kitabu. Ukikifungua kwa nguvu ili ulione, unahatarisha gundi.

Maelezo ni mafupi na hayana porojo. Picha ya Malkia Elizabeth II (2000–01), ambayo watu wengi huidhania kubwa kumbe ina takriban sentimita 23.5 kwa 15.2, imechapishwa kwa ukubwa wake halisi. Laiti wangefanya hivyo pia kwa vipande vichache vya picha kubwa, ningekipendekeza kitabu chote bila masharti.