Kujifunza eskrima juu ya kung fu: uzoefu wangu

Nimefanya Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, kwa miaka mingi, kisha nikaongeza eskrima, sanaa ya Ufilipino ya kupigana kwa fimbo na visu. Wenzangu wa kung fu huniuliza kama mitindo hii inapatana. Inapatana, na leo ningeanza upya ningefanya vivyo hivyo, ila miguu itakusumbua.

Kwanza kuna suala la mpangilio. Katika Wing Chun unapitia mifuatano mitatu ya miondoko ya mikono mitupu. Fimbo ndefu na visu pacha huja mwishoni, mwalimu akisharidhika nawe. Eskrima hukupa silaha siku ya kwanza: fimbo ya henzirani ya sentimita 70 hivi, na papo hapo unafundishwa pembe za mapigo. Mitindo mingi ina pembe 12, japo haikubaliani ipi ni ya ngapi. Unachojifunza hasa ni njia linamopita pigo, ndiyo maana pembe hizohizo utazitumia baadaye kwa kisu na kwa ngumi.

Faida kubwa niliyoipata ni kujua umbali. Chi sao, zoezi la Wing Chun ambapo wawili hugusanisha mikono, ilinizoesha kutafuta mkono wa mwenzangu, niuguse, nibaki nao. Mbele ya kisu, mkono unaougusa ndio unaokukata. Eskrima inakufundisha kukaa nje kidogo na kuupiga mkono ulioshika silaha kabla ya kufikiria kichwa au mwili. Niliporudi kwenye kung fu nikiwa na macho hayo, nilianza kuona ni mara ngapi tunaingia karibu bila kwanza kuudhibiti mkono hatari.

Anayetoka Wing Chun na kupata nafasi ya kuchagua, ajaribu Balintawak, mtindo ulioanzishwa na Venancio Bacon mjini Cebu mwaka 1952. Hupigana kwa fimbo moja, karibu sana, huku mkono mtupu ukisukuma, ukibana na kuziba njia. Mkono huo utauelewa mara moja. Mitindo ya fimbo mbili ni kigeni zaidi kwetu, lakini sinawali, yaani mapigo ya kupishanisha fimbo mbili, ilinipa mkono wa kushoto ambao sikuwahi kuwa nao.

Sasa miguu. Msimamo wa Wing Chun hukaza magoti na kuelekeza vidole ndani, kiwiko kikilinda mstari wa kati wa mwili. Eskrima hutembea kwa pembetatu, unatoka kwenye mstari wa shambulio, na nyonga inazunguka ili fimbo ipate uzito. Kwa muda mrefu mapigo yangu ya fimbo yalikuwa mafupi na mepesi. Kilichosaidia ni kutenganisha siku za mazoezi, na kutochanganya chochote mpaka mwili ujue uko wapi. Kwa sababu hiyo simshauri mtu ambaye bado anahangaika na mfuatano wake wa kwanza aanze vyote pamoja. Asubiri.

Jambo linaloniudhi, na nimeliona pande zote mbili, ni zoezi kugeuka dansi. Hubud-lubud, zoezi la eskrima la wawili kupokezana mapigo kwa mzunguko, na chi sao ni ndugu: mikono inazunguka, kila mmoja anajua kinachofuata, wote wanatoka wamefurahi. Darasa moja la fimbo nililohudhuria halikuwahi kuvunja mzunguko huo, nikaondoka. Tafuta mwalimu anayemruhusu mwenzako akatishe zoezi na kupiga pasipotarajiwa, mkiwa mmevaa barakoa za kukinga uso na glavu nene, maana vidole ndivyo huumia kwanza. Fimbo zilizofunikwa sifongo zina nafasi yake, lakini hudunda tofauti, na watu huacha kuogopa mapigo wanayopaswa kuyaogopa.

Vifaa ni vichache. Nunua fimbo za henzirani zaidi ya mbili, kwa sababu zitachakaa. Henzirani ni ngumu ndani yote, na ikichoka huchanuka nyuzi badala ya kukatika vipande vyenye ncha. Mwanzi una uwazi ndani na hupasuka, na mbao nzito zitavunja mkono wa mwenzako. Hizo ziache kwa mazoezi ya peke yako.