Soketi ya RCD ya miliampia 30 kwa nyumba yenye nyaya za zamani

Ukifungua soketi ukakuta waya mwekundu na mweusi tu, wa kijani haupo, basi soketi hiyo haina ethi (waya wa ardhini), hata kama usoni ina matundu matatu. Hapo ndipo soketi ya ampia 13 yenye RCD ndani, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, inapostahili bei yake. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukirudi pungufu, inakata. Kazi hiyo haihitaji ethi. Mvujo ukifika miliampia 150, yaani mara tano ya 30 zake, soketi iliyo nzima hukata ndani ya milisekunde 40. Shoti utaisikia, ila moyo unapona.

Isichofanya: pasi iliyovuja itakaa na umeme kwenye bati lake, kimya, hadi mtu aiguse. Kwenye ethi nzima, soketi ingekata pale pale pasi inapochomekwa. Pia ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, RCD haioni kitu. Na haizuii nyaya kuzidiwa mzigo. Hiyo ni kazi ya fyuzi.

Kuna ujanja wa kufunga tundu la ethi kwenye nyutro kwa kipande cha waya, kama daraja, nyuma ya soketi ili tesita ionyeshe kila kitu sawa. Nyutro ikikatika huko nyuma, umeme unapita ndani ya kifaa, unarudi kwa daraja hilo na kutua kwenye bati lake. RCD inaona mizani iko sawa, haikati. Ukikuta daraja hilo, litoe.

Dukani utakuta aina mbili. Moja hujizima umeme ukikatika, lazima ubonyeze kitufe cha R (cha kuwasha upya) kwa mkono: nzuri kwa msumeno, balaa kwa friji, maana umeme ukirudi usiku wa manane nyama inaharibika huku mmelala. Kwa nyumbani chukua ile inayobaki ilipo.

Wakati wa kufunga, zima meni switchi, hakikisha kwa tesita, kisha pima kina cha boksi. Nyingi zinataka milimita 35, na maboksi ya zamani mara nyingi ni 25. Usilazimishe: mpira wa nyaya hizo umekauka, ukiukunja unapasuka na shaba inagusa bati la boksi. Ongeza fremu ya kuinua soketi ukutani. Kabla ya kufunga, umeme ukiwa umezimwa, pima nyaya kwa mega (kipimo cha uzima wa mpira wa nyaya) ya volti 500, soketi mpya ikiwa bado haijaungwa, maana volti hizo zinaua vipuri vyake. Ukisoma chini ya megaohmu 1, acha soketi, badilisha waya.

Mwisho bonyeza kitufe cha T (cha kujaribu). Irudie kila miezi mitatu. Kubofya huko kunapima RCD yenyewe, si ethi. Kipimio cha kuchomeka kinachovujisha umeme kwenye ethi hakitaikatisha soketi isiyo na ethi, na wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu.