Miezi mitatu na programu ya kufuatilia ndege: uzoefu wangu, dereva teksi wa Mtwara

Kijiwe changu ni uwanja wa ndege wa Mtwara. Kilichokuwa kinanitesa ni ratiba: unawahi asubuhi, kumbe ndege haijaondoka hata Dar, unakaa kupiga miayo huku mwenzako kashapata safari mbili za Mikindani. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akanionyesha programu ya simu inayochora ndege kwenye ramani. Nilianza na ya bure, matangazo yakanichosha, nikalipia. Kwa mwezi ni kama lita tatu za petroli.

Kwa kujua ndege imeruka Dar au bado, naipa alama zote. Ikiruka nina kama saa moja: namshusha mteja Feri, nakunywa chai, narudi. Kasheshe iko mwishoni. Pangaboi linakuja vizuri, Kilwa hiyo, Lindi hiyo, likianza kuteremka tu kialama kinaganda. Siku moja ramani inaniambia ndege iko juu ya Lindi, na mimi naangalia abiria wa kwanza anashuka ngazi na boksi lake la keki.

Nikamlalamikia abiria niliyekuwa nampeleka Shangani, kumbe fundi wa mitambo ya anga. Alicheka mpaka raundi abauti. Akaniambia ndege yenyewe ndiyo inayotangaza mahali ilipo, kwa redio, kwenye megahezi 1090, na mashine ndogo za kupokea zilizofungwa huku na kule, nyingine juu ya mapaa ya watu wanaojitolea, zinanasa na kurusha kwenye intaneti. Mawimbi yale yanakwenda moja kwa moja, hayafuati mviringo wa dunia. Ndege ikiwa juu kilomita 10, mashine iliyo mbali kilomita 400 hivi bado inaisikia. Ikishuka, inazama kama dau linaloelekea bahari kuu: mwili unapotea kwanza, tanga baadaye, halafu hamna. Kama jirani hapa hakuna mwenye mashine, basi tena.

Maelezo yale yaliniokoa mwezi uliofuata. Shangazi alikuwa anarudi kutoka matibabuni India, Mumbai mpaka Dar, na ukoo mzima umeinamia simu yangu barazani. Ndege ikatoka pwani ya India, ikaenda kidogo juu ya bahari, ikafutika. Binti yake akapiga ukunga hadi jirani wakaja. Nikamwambia, dada, iliyopotea ni sauti kwa masikio yetu, kule baharini hakuna paa la kufungia mashine. Rubani anaongea na watu wake kama kawaida.

Na kweli anaongea. Mbali na nchi kavu kuna redio za masafa marefu, zenye mikwaruzo yake, na kuna ujumbe wa maandishi unaopitia setilaiti, kama meseji zetu tu. Setilaiti nyingine zimekaa juu ya ikweta umbali wa karibu kilomita 36,000, ukizitazama hazihami. Za kampuni ya Iridium ni 66, ziko chini zaidi, kilomita 780 hivi, zinaizunguka dunia bila kutulia. Hizo za Iridium zimefungwa pia mashine za kunasa ule utangazaji wa 1090, na tangu 2019 waongozaji ndege wanazitumia kuona hadi katikati ya bahari. Kifurushi changu hicho kitu hakina, na ndiyo lawama yangu kubwa: wangeandika pale pale kwenye ramani "hapa hatusikii" badala ya kufuta ndege ya watu kimya kimya.

Fundi alinipa na habari ya ile ndege ya Malaysia, MH370, ya tarehe 8 Machi 2014. Mawasiliano yote yalikatika, ila chombo chake cha setilaiti kiliendelea kuitikia kwa saa kadhaa, karibu kila baada ya saa moja, kama mtu anayebipu: hakuna neno, ni "nipo" tu. Kwa kupima muda wa mbipu kwenda na kurudi, wataalamu walijua ilikuwa umbali gani kutoka kwenye setilaiti, wakaelekezwa kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 kipande cha bawa lake kikaokotwa Pemba. Pemba yetu, siyo ile ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Habari hiyo binti wa shangazi sikumpa.

Kialama kilirudi ndege ilipokaribia pwani yetu, barazani wakapiga vigelegele kama harusini. Kesho yake nikampokea shangazi uwanjani mwenyewe, ramani ikiwa imeganda Lindi kama kawaida yake.

Mwezi huu sijalipia, abiria ni wachache. Msimu wa korosho ukifunguliwa, wanunuzi wakaanza kushuka, nitalipia tena.